UKURASA WA NYUMBANI: Mbwa Mzee na Mgeni Wake



Katika malupango mengi ya miji yetu, iwe Bukavu, Uvira, Kalemie au Lubumbashi, yuko mbwa mzee alalaye mlangoni. Mdomo wake umeota mvi, masikio yake hayasikii vema, na mwivi akija usiku yeye hubweka akiwa amechelewa. Basi siku moja baba wa nyumba husema: “Tutafute mwingine aliye mdogo.” Jirani anaye mbwa jike aliyezaa. Wanamwomba mtoto mmoja, wanamleta ndani ya kikapu, watoto wanaruka kwa furaha. Juma halijakwisha, mzee amemng’ata mgeni, mgeni analia chini ya kitanda, mama amekasirika, na baba ameshika fimbo. Hukumu inatolewa upesi: mzee ana wivu, mzee ni mbaya, mzee atoke.

Mara nyingi hukumu hiyo haina haki. Mzee hakuulizwa kama anataka mwenzake, wala hakutayarishwa. Mdogo naye hakuomba kutolewa kwa mama yake. Aliyewakutanisha ni mwenye nyumba, naye ndiye awezaye kuwapatanisha. Kazi hiyo si ngumu, ila yataka utaratibu na saburi. Neno lake kubwa ni hili: mlindie mkubwa mahali pake, naye mkubwa atakusaidia kumlea mdogo.

MZEE ANAOGOPA NINI?

Tusimpe mbwa moyo wa mtu. Yeye hakai akihesabu kwamba mgeni amependwa kuliko yeye. Lakini ayajua vema mambo machache ambayo maisha yake yameshikamana nayo: sahani yake, mahali pake pa kulala, saa zake za kupumzika, na mkono wa bwana wake. Kila kitu kitishiacho mambo hayo humtia hofu, na mnyama mwenye hofu hutumia meno.

Tena kumbukeni kwamba mzee ana maumivu asiyoweza kuyasimulia. Mbwa wa miaka 8 au 10 amekwisha kuzeeka, na mbwa wenye miili mikubwa huzeeka mapema zaidi. Viungo vya miguu na mgongo vyamwuma, hasa asubuhi na wakati wa baridi ya mvua. Kisha anakuja mtoto mwenye meno makali kama sindano, anamrukia mgongoni, anamvuta sikio, anaukamata mkia. Kama mzee hasikii vema, huenda mtoto akamwangukia akiwa usingizini, naye akaamka na kung’ata kabla ya kujua ni nani. Je, huo ni ubaya wa roho? Mtu mzima aliyeamshwa hivyo naye angeinua mkono.

KABLA YA KUMLETA

Kwanza, jiulizeni kama chakula cha nyumbani chatosha mbwa wawili. Asiyeweza kumshibisha mmoja asilete wa pili, maana njaa ndiyo mwanzo wa magomvi mengi, na mbwa mwenye njaa huzurura sokoni na kwenye majalala, ambako huokota magonjwa.

Pili, mtazameni mzee. Kama ni mgonjwa sana, au hawezi tena kuamka bila shida, mwacheni amalize siku zake kwa utulivu. Mdogo anaweza kungoja.

Tatu, msimwondoe mtoto kwa mama yake kabla ya wakati. Yafaa atimize majuma 8. Wengi wetu huwachukua wakiwa na majuma 4 au 5, mara tu waanzapo kula uji, tukifikiri kwamba aliyeweza kula ameweza yote. Sivyo. Katika majuma yale ya mwisho mtoto hujifunza jambo kubwa kwa mama na ndugu zake: akimng’ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukoma, akimsumbua mama, mama humkemea. Hivyo hujua kuyazuia meno yake, na huielewa ishara ya mkubwa asemaye “basi, yatosha”. Mtoto aliyekosa shule hiyo hufika kwenu bila adabu, naye mzee wenu atalazimika kumfundisha kila kitu tangu mwanzo.

Nne, fikirini juu ya dume na jike. Kwa desturi dume na jike hupatana upesi kuliko majike wawili au madume wawili. Lakini jike aweza kupata joto lake la kwanza akiwa na miezi 6 tu, naye hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Asiyetaka watoto wengine atafute mapema shauri la mganga wa mifugo, yule watu wamwitaye veterinere.

SIKU YA KUKUTANA

Siku mbili au tatu kabla ya mgeni kufika, chukueni kitambaa alichokilalia, mkiweke karibu na mahali mzee apitapo. Msimsukumie puani, mwacheni akinuse mwenyewe. Kwa mbwa, harufu ni kama jina na ukoo: atakapomwona mtoto atakuwa amekwisha kuisoma barua yake.

Siku yenyewe, msimwingize mgeni nyumbani moja kwa moja. Nyumbani ni kwa mzee, na mlinzi mwema hufukuza mgeni, kwa maana hiyo ndiyo kazi mliyompa! Wakutanisheni nje ya lupango, mahali ambapo si pa yeyote kati yao. Chagueni uwanja safi ambako mbwa wasiojulikana hawapiti, maana mtoto hajamaliza chanjo zake. Mtu mmoja amshike mzee kwa kamba iliyolegea, mwingine amshike mdogo vilevile. Kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba kuna hatari. Tembeeni pamoja polepole, kila mmoja upande wake, kisha mkaribiane kidogo kidogo. Wakitaka kunusana, waacheni kwa nukta chache, halafu mwendelee na mwendo.

Jambo moja mlikumbuke: msimbebe mtoto mikononi juu ya kichwa cha mzee. Watoto wa nyumba hupenda kufanya hivyo ili kumkinga. Mzee ataruka apate kunusa, mbebaji ataogopa na kupiga kelele, na urafiki utakuwa umeharibika kabla ya kuanza.

Kabla ya kuingia nyumbani, ondoeni sahani ya mzee, mfupa wake, na chochote apendacho kukilinda. Kisha ingieni wote pamoja, bila shangwe kubwa. Yafaa watoto wanyamaze, na majirani waje kumtazama mgeni siku nyingine.

CHAKULA NA USINGIZI

Magomvi mengi huzaliwa penye sahani. Kwa hiyo tumieni sahani mbili, katika pembe mbili zisizoonana, na mtu mzima asimame hapo mpaka wote wamalize. Mpeni mzee kwanza, kisha mdogo. Mdogo akimaliza upesi, kama ilivyo desturi ya watoto, azuiwe asiende kuonja cha mzee. Sahani ziondolewe baadaye, hata zikiwa tupu.

Mtoto wa majuma 8 ana tumbo dogo: alishwe mara 3 au 4 kwa siku. Mzee mara 2 zamtosha. Bugali peke yake haujengi mwili wa mtoto; changanyeni na sambaza, au mabaki ya nyama, au yai. Lakini mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe mbwa yeyote, maana huvunjika kuwa miiba, ikamchoma koo na matumbo. Maji safi yawepo sikuzote, katika vyombo viwili.

Juu ya usingizi, mzee abaki na mahali pake pa zamani. Msimhamishe mlangoni ili kumpa mdogo nafasi. Kama hamkutenda jambo jingine lolote katika ukurasa huu, tendeni hilo. Tena mpatieni kimbilio ambamo mdogo hawezi kuingia: nyuma ya ubao, au chumba chenye kizingiti kirefu kidogo ambacho mzee aweza kukivuka bila kuumia. Mdogo naye apewe kisanduku chake au kikapu kipana chenye kitambaa. Mtoto wa mbwa aweza kulala hata saa 18 katika mchana na usiku, na anayenyimwa usingizi huwa msumbufu. Mara nyingi mtoto mwenye wazimu wa kung’ata kila kitu jioni ni mtoto aliyechoka tu, mlazeni.

Kila siku, bwana wa mzee amtengee nafasi yake peke yake, hata dakika 10: kutembea naye, kumchana manyoya, kukaa naye. Mzee akiona kwamba mkono wa bwana wake haukupotea, hofu yake itapungua.

MKUBWA AKINGURUMA

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mzee anakenua meno na kunguruma, baba anampiga. Wazo la baba ni kwamba amezuia vita. Kwa kweli amemnyang’anya mzee maneno yake. Kunguruma ni onyo: “Nimechoka, ondoka.” Mbwa aliyepigwa kila angurumapo hujifunza kunyamaza, lakini uchungu wake hauondoki. Siku nyingine atang’ata bila kuonya, na huenda atakayeng’atwa akawa mtoto wenu. Afadhali mbwa anayesema kuliko mbwa aliyenyamazishwa.

Basi mzee akinguruma, mtazameni mdogo. Akirudi nyuma, akalala chini, akageuza uso, amesikia fundisho, msiingie kati. Mzee anamfundisha adabu kuliko sisi tuwezavyo, kwa kuwa lugha ni yao. Akizidi kumsumbua mzee, mwondoeni mdogo kwa upole, mkampe kitu cha kutafuna. Hivyo mzee huona kwamba onyo lake linaheshimiwa, wala hana haja ya kutumia meno.

Lakini kuna mambo ambayo hayavumiliwi. Kama mzee anamfukuza mdogo asiyemchokoza na hataki kuacha, kama mdogo analia na hana njia ya kukimbia, au kama damu imetoka, watengeni mara moja. Usitie mkono wako kati ya midomo inayopigana. Piga makofi kwa kishindo, tupa blanketi juu yao, au pitisha ubao katikati. Kisha kila mmoja akae mahali pake mpaka watulie, na siku inayofuata mwanze tena kwa kutembea nje.

Majuma ya kwanza msiwaache peke yao. Mkienda shambani au kwenye Misa, kila mmoja afungiwe pake. Wengine hupatana katika siku 3, wengine hutaka mwezi na zaidi. Msihesabu siku, angalieni dalili. Mzee akianza kumwalika mdogo kucheza, kwa kuinamisha kifua na kuinua mkia, au wakilala karibu bila kulazimishwa, kazi kubwa imekwisha. Toka hapo mtaona ajabu: mzee akibweka mlangoni, mdogo atamfuata, mzee akiwapita kuku bila kuwagusa, mdogo naye ataona kwamba ndivyo inavyofanyika hapo. Mtampata mlinzi aliyefundishwa na mlinzi.

CHANJO HAZINGOJI

Mbwa wawili wakaao pamoja hugawana magonjwa yao. Kwa hiyo, kabla ya kuwakutanisha, ulizeni juu ya chanjo za wote wawili.

Upo ugonjwa ambao waganga wameuita kwa jina la Carré, Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba waletwa na kijidudu kidogo mno kiitwacho virusi. Mbwa hutoka usaha machoni na puani, hukohoa, huharisha, mwishowe hutetemeka na kuanguka. Ugonjwa huo umewahi kuwapata hata mbwa wa misitu yetu, wale wasiobweka, ambao wawindaji wa Ituri huwafunga njuga za mti shingoni. Wazungu huwaita basenji. Wa kwanza waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa ugonjwa huo muda mfupi baada ya kufika. Upo pia ule wa parvo, uliojulikana tangu mwaka 1978: mtoto hutapika na kuharisha damu, naye aweza kufa katika siku chache. Virusi vyake hukaa katika udongo kwa miezi mingi. Kama mtoto wa mbwa alikufa hivyo katika lupango lenu, msilete mwingine kabla ya kupata shauri la veterinere.

Minyoo nayo isisahauliwe. Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa nayo au huipata katika maziwa ya mama. Mayai yake hutoka katika mavi, hukaa udongoni, na huwaingia watoto wetu wachezao chini. Mpeni mdogo dawa ya minyoo na mzee pia, zoeni mavi kila siku, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Ila kuliko yote, kichaa cha mbwa. Dunia nzima, ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwa kila 100 waliokufa, karibu 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote walipewa ugonjwa na mbwa. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, kwa kawaida hapana dawa iwezayo kumponya. Watu hudhani kwamba mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa kwa kuwa ni mdogo. Aweza! Kwa desturi huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha chanjo hurudiwa kama veterinere anavyoagiza, mara nyingi kila mwaka. Mzee naye achanjwe. Uzee si kinga.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, hata kidonda kikiwa kidogo, kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Msipake majani, wala mafuta, wala majivu. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur aliagiza mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, achanjwe baada ya kuumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Tangu siku hiyo njia ya wokovu yajulikana, lakini yamfaa tu awahiye.

NENO KWA WAZAZI

Labda mmoja wenu atasema: “Mwalimu, watu wana njaa, nawe watuhubiria juu ya mbwa?” Neno hilo lina uzito. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yatushika pande zote mbili: yafundisha kwamba ni kinyume cha heshima ya mwanadamu kuwatesa wanyama bure, na yafundisha pia kwamba haifai kuwatolea wanyama fedha ambazo zilipaswa kwanza kupunguza shida za watu. Basi hatuwaombi mnunue vyakula vya dukani, wala vitanda vya mbwa. Yaliyoandikwa hapa, ila chanjo na dawa, hayagharimu kitu isipokuwa uangalifu. Na chanjo yenyewe ni kwa ajili ya watoto wenu kuliko kwa mbwa.

Lakini kuna sababu nyingine. Watoto wa nyumba wanatazama. Wamemwona mbwa huyu akilinda mlango tangu walipokuwa wakibebwa mgongoni. Sasa nguvu zake zimepungua, na mwenye nguvu mpya amekuja. Wanangoja kuona baba na mama watafanyaje. Mzee akipigwa teke, akapelekwa mbali na kuachwa njiani, watajifunza kwamba aliyechoka hutupwa. Fundisho hilo hawataliacha penye mbwa. Watakua nalo, na siku moja wazazi wao nao watakuwa wazee katika nyumba za watoto wao.

Kinyume chake, wakiona kwamba mgeni amepokewa kwa furaha na mzee hakunyang’anywa sahani wala mahali pake, watajua jambo ambalo hata ndugu wa tumbo moja hulisahau: kumpenda ajaye si lazima kumpunguzie aliyekuwapo. Mama aliye karibu kujifungua mtoto wa pili anaweza kulitumia fundisho hilo kwa kifungua mimba wake.

Wapeni watoto kazi katika jambo hili. Mkubwa wao ajaze maji, mwingine azoe mavi na kunawa, mwingine ahakikishe kwamba hakuna amsumbuaye mzee anapolala au anapokula. Wadogo kabisa wasiachwe peke yao na mbwa, hata aliye mpole.

Katika Kitabu cha Tobiti twasoma juu ya kijana Tobia aliyesafiri mbali pamoja na malaika Rafaeli. Mbwa alitoka pamoja nao, na waliporudi nyumbani mbwa alikuwapo. Hatuambiwi jina lake, wala kazi yake. Alikuwa wa nyumba ile tu, akaenda nao na kurudi nao. Mzee wenu naye ni wa nyumba yenu. Leo jioni mgeni akilia katika kikapu chake, mtulizeni. Halafu, kabla ya kuzima taa, piteni mlangoni mkamguse mzee kichwani.

Mwalimu wenu